Mama, rakuni wako hapelekwi mbali

Simu za aina hii huanza mwezi wa nne na hazikomi mpaka mahindi yakauke shambani. Mwaka huu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa Kigoma. Yeye na mumewe wamenunua shamba dogo kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, huku Marekani, wanafuga mbuzi na kuku. Nilipomwamkia tu akaanza: "Marahaba mwanangu. Kuna mnyama hapa ana mikono kama ya mtu. Ameninyofolea vichwa kuku wawili. Nimeambiwa fundi wa mambo hayo ni wewe. Njoo umkamate, ila usimuue, uende ukamwachie mbali huko porini."

Nikamuuliza mizoga ilikuwa wapi. Ndani ya banda, akasema, na mlango umefungwa vilevile. Basi huyo ni rakuni. Ngawa au kicheche wa kwetu angetafuta upenyo aingie. Rakuni akikosa njia hupenyeza mkono kwenye wavu, hudaka kuku aliyelala karibu, huvuta, na kinachopita kwenye tundu ndicho anachokula. Kwa asiyewahi kumwona: ana uzito wa kilo 4 mpaka 10 hivi, mkia wa pete nyeusi, na uso kama aliyejifunga kitambaa cheusi machoni ili akaibe. Jina lenyewe Waingereza walilichukua kwa wenyeji wa Virginia, na linahusu kukwaruza kwa mikono. Wenyeji walimjua vizuri. Vidole vyake vya mbele vina hisi kali ajabu, na komeo la ndoano analifungua gizani kwa kupapasa.

Sasa lile ombi la mama. Nina leseni ya jimbo ya kushughulikia wanyama wasumbufu, na karibu kila mteja ananiomba hilohilo: kizimba, pikapu, msitu wa mbali. Wanalitaka kwa huruma, na wengi hushtuka ninapowaambia kwamba hapa Ohio haliruhusiwi. Rakuni aliyenaswa kwa usumbufu ana njia mbili tu: aachiwe palepale kwenye ardhi aliponaswa, au auawe kwa namna isiyomtesa. Majimbo mengine yana masharti yao, kwa hiyo anayesoma akiwa Maine, Kentucky au Texas aulize idara ya wanyamapori ya kwake kabla ya kununua mtego. Asinitegemee mimi.

Sheria hizi zina historia. Kichaa cha mbwa cha aina inayobebwa na rakuni kilikuwa ugonjwa wa kusini, Florida na majirani zake. Miaka ya 1970 wawindaji waliona rakuni wamepungua milima ya Virginia na West Virginia, wakaagiza wengine kutoka kusini na kuwaachia huko. Ndani ya mzigo ule ugonjwa ulisafiri pia. Mwaka 1977 ukagunduliwa West Virginia, na miaka ya 1990 ulikuwa umepanda pwani yote ya mashariki mpaka Maine, na kwa upande wetu umeingia mashariki mwa Ohio. Tangu wakati huo serikali inatumia ndege kudondosha vipakiti vya chanjo vilivyopakwa kitu cha kuwavutia, rakuni wale wajichanje wenyewe. Mama aliwahi kuokota kimoja zizini akadhani ni chakula cha mbuzi kilichoanguka. Mtoto wako akikikuta, usimwache akichezee. Kama kimepasuka na kumrukia, mwoshe kwa sabuni na piga namba iliyoandikwa juu yake.

Ujerumani nao wana hadithi yao. Mwaka 1934 waliachia jozi mbili za rakuni karibu na ziwa Edersee, na leo mji wa Kassel ulio jirani umejaa rakuni kwenye madari ya nyumba.

Hata tukiweka ugonjwa kando, yule mnyama mwenyewe hafaidiki sana. Watafiti wa Illinois waliwahi kuwavisha rakuni kola za redio, mikanda ya shingoni ya kufuatilia waliko, wakawahamisha. Hawakutulia pale msituni walipoachiwa. Walihama, na wengi wakaishia kulala karibu na nyumba za watu. Yaani tatizo la mama wa Kigoma lingekuwa tatizo la mzee mwingine huko mbele. Rakuni aliyekulia kwenye ghala anajua ghala. Umemtupa usiku kwenye msitu asioujua mti wa kulala wala kijito, na msitu huo una wenyewe.

Lakini kilichonigeuza mimi hakikuwa utafiti. Mwaka wangu wa pili wa kazi, mwezi wa tano, nilinasa jike nyuma ya ghala la mkulima mmoja. Nilikuwa namsogeza kizimbani, nikasikia sauti nyuma ya ubao wa ukuta, nyembamba, ya kulialia, kama vifaranga vilivyolowa. Nilisimama pale na kizimba mkononi. Nikakiinua, nikamulika tochi chini ya tumbo: chuchu zimevimba, na manyoya yanayozizunguka yamenyonyolewa. Ningemwondoa asubuhi ile, wale watoto wangekufa ukutani siku chache baadaye, na mkulima angenipigia tena kwa harufu. Nikafungua mlango wa mtego. Hakukimbilia msituni. Alipanda ubao moja kwa moja akatoweka ndani.

Tangu siku hiyo, kati ya mwezi wa tatu na wa saba, kitu cha kwanza ninachofanya ni kusikiliza ukuta. Wanapandana kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, mimba inachukua siku 63 hivi, kwa hiyo hapa kwetu wengi huzaa mwezi wa nne, watoto 2 mpaka 5. Wanazaliwa macho yamefumba na hukaa shimoni wiki nane hivi kabla ya kuanza kumfuata mama yao. Ukiziba tundu katikati ya muda huo, jike aliye nje atararua paa kuwafikia. Nimeona mabati yaliyokunjwa kama karatasi.

Kwa mama tulikuta jike na watoto juu ya dari ya ghala, nyuma ya marobota ya nyasi kavu. Sikutega kitu. Rakuni jike huwa na maficho zaidi ya moja, na akiona pa kulea hapana amani, huwabeba watoto kwa ngozi ya shingo mmoja mmoja usiku. Kwa hiyo nikamwambia mama aweke taa inayowaka usiku kucha na redio ya watu wanaoongea. Muziki wanauzoea haraka. "Wa Ohio wanasikia Kiswahili?" akaniuliza, na kweli akawawekea mahubiri kutoka kwenye simu ya zamani. Usiku wa tatu jike alihama. Tulijuaje? Nilikuwa nimejaza gazeti lililokunjwakunjwa kwenye tundu, bila kulibana. Kama kuna anayeingia au kutoka, gazeti hutupwa nje. Asubuhi ya nne lilikuwa chini. Nikajaza jingine, na siku tatu mfululizo likakaa vilevile. Hapo ndipo nikapigilia wavu.

Na wavu wenyewe usiwe ule mwepesi wa kuku. Ule unazuia kuku wasitoke, haumzuii rakuni asiingie. Anaurarua kama kitambaa. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya milimita 12 hivi, uufunge kwa skrubu na washa pana, vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu. Pindo lake ulilaze chini kuelekea nje sentimita 30, maana anachimba. Mlango wa banda uwe na komeo la kubana kwa springi au karabina, ile pete ya chuma inayojifunga yenyewe. Chakula cha kuku kiingie kwenye pipa la bati lenye mfuniko wa kubana, na hapo nakwambia ukweli, nusu ya wateja wangu wangeishia hapo wasinihitaji kabisa. Kwa mahindi, nyaya mbili za umeme wa uzio, moja sentimita 15 toka ardhini na nyingine 30, ziwashwe kabla punje hazijaanza kutoa maziwa. Akishaonja, waya unampa shida ndogo tu.

Kizimba nakitumia lini, basi? Rakuni akianguka kwenye bomba la moshi akakwama ndani ya nyumba, au akijifungia ghala la nafaka na hatoki. Natumia cha urefu wa sentimita 80 hivi, kimekaa juu ya ubao na kimefungwa kwenye kigingi kisipinduke. Ubao si mapambo. Mnyama aliyenaswa hupitisha mikono nje akavuta ndani kila anachofikia: udongo, majani, pembe ya turubai, mara moja koti langu. Chambo changu ni mashmelo, vile vipipi vyeupe laini, na siagi ya karanga kidogo nyuma ya kibao cha kukanyaga. Samaki na chakula cha paka siweki. Utanasa paka wa jirani, au skanki, ndugu wa mbali wa kicheche wetu, na hapo utaelewa kwa nini wazee walitukataza kumchokoza kicheche. Mtego nautega magharibi na kuukagua alfajiri; sheria inataka kila siku, jua la mwezi wa saba linataka mapema zaidi. Ukifika, mfunike blanketi kwanza. Giza linamtuliza. Glavu za ngozi nene, na vidole visikae kwenye nyaya. Mimi nimechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Wewe kama hujachanjwa, mwite aliyechanjwa. Na rakuni anayepepesuka mchana, asiyeogopa mtu, usimguse wala usimpige risasi ya kichwa, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa.

Nilikaribia kusahau choo chao. Rakuni hujisaidia mahali pamoja, na kwa mama ilikuwa juu ya marobota yaleyale ya nyasi za mbuzi. Kinyesi kile kinaweza kuwa na mayai ya mnyoo ambaye kwa binadamu, hasa mtoto anayetia vidole mdomoni, huweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Mayai yanahitaji wiki mbili mpaka nne ndipo yaambukize, kwa hiyo kinyesi kibichi kitoe mapema. Dawa ya kufulia ya klorini haiyaui. Maji yanayochemka yanayaua. Tulivaa barakoa na glavu, tukalowesha kwanza vumbi lisipae, tukazoa kwa koleo. Mbao tukazimwagia maji ya moto kutoka sufuria mbili kubwa za shughuli ambazo mama alikuwa amezihifadhi tangu harusi ya bintiye. Marobota matatu tuliyachoma. Aliyasikitikia zaidi ya kuku.

Nilirudi baada ya wiki mbili kukaza skrubu. Wavu mzima, kuku wote wapo. Nyuma ya zizi, kwenye tope la kijito, kulikuwa na nyayo zinazofanana na viganja vya mtoto mchanga, zikielekea kwenye mti mkubwa wenye pango. Ni kama mita mia mbili kutoka ghala. Mama alizitazama akanyamaza, halafu akaniuliza kama huo ndio mbali ninaouzungumzia. Nikamwambia ndiyo, mama, ndio huo.