Hapana, mtoto wako hakuzaliwa akijua kuogelea

Ndani ya wiki mbili nimeambiwa mara tatu kwamba watoto huzaliwa wakijua kuogelea, na sisi wakubwa ndio tunaowasahaulisha. Mara ya mwisho alikuwa mama wa mtoto wa miezi saba. Tulikuwa tumemaliza somo la tano. Alimkalisha mwanawe kwenye kidato cha juu cha ngazi za bwawa, maji yakimfika kitovuni, akageuka kuchukua taulo. Mtoto akainama kukamata povu lililokuwa likielea mbele yake. Kichwa kikatangulia, uso ukazama. Hakulia wala hakupiga maji. Alikaa vilevile, kisogo juu, mikono ameitawanya, mithili ya mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nikamnyanyua. Mama akageuka, akatabasamu: "Umeona, mwalimu? Ameshayazoea."

Nilimweleza pale pale. Nimeona nieleze na hapa, kwa sababu nimechoka kuwa hatua mbili.

Dhana hii ina chanzo chake. Mtoto wa miezi miwili ukimlaza kifudifudi majini atachezesha mikono na miguu kwa mpigo unaofanana na kuogelea, na atabana pumzi. Mtafiti wa Marekani, Myrtle McGraw, aliwachunguza watoto 42 akachapisha aliyoyaona mwaka 1939, na hayo yamo. Lakini wanaorushiana video za vichanga chini ya maji hawafiki kwenye sehemu ya pili ya maelezo yake. Watoto wale hawakuweza kuinua kichwa wavute pumzi. Na kuanzia karibu mwezi wa nne ule mpigo uliopangika ulivurugika: mtoto alijipindua, akang'ang'ania mkono wa aliyemshika, akameza maji na kukohoa.

Kubana pumzi nako hakuamui yeye. Maji yakigusa uso na koo, zoloto, lango la hewa kooni, hujifunga lenyewe na mapigo ya moyo hupungua. Mwitikio huo huwa na nguvu zaidi miezi ya mwanzo, kisha hufifia kadiri anavyokua. Mtoto wa miezi saba kwa hiyo yuko pabaya kuliko anavyodhaniwa: yale ya kuzaliwa nayo yanamtoka, na ya kujifunza bado hayajaingia. Kichwa cha kichanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Kikitangulia majini, shingo ile haina nguvu ya kukirudisha.

Kuna jambo jingine ambalo video hazionyeshi. Zoloto likifunga njia ya hewa, maji hupita njia ya chakula. Mtoto anayezamishwa mara kumi katika somo moja anaweza kumeza maji mengi kuliko figo zake changa zinavyoweza kuyatoa, chumvi ya damuni ikashuka. Dalili zake ni kutapika, kulegea na kulala kusiko kwa kawaida, ikizidi, degedege. Ndiyo maana kwangu hakuna mashindano ya kuzamisha. Kuna masomo mengi ambamo simzamishi mtoto hata mmoja, na mzazi akiniuliza kwa nini wenzake kwingine wanazamishwa, namjibu kwamba aliyekuja kujifunza hapa kwanza ni yeye mzazi.

Hilo ndilo wazazi hawapendi kulisikia. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliwahi kushauri, mwaka 2000, kwamba masomo rasmi yasubiri hadi mtoto atimize miaka 4. Mwaka 2010 kikalegeza msimamo huo, na mwaka 2019 kikasema masomo yanaweza kupunguza hatari ya kufa maji kuanzia umri wa mwaka 1. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuwa umeona uhusiano mkubwa kati ya masomo na kupungua kwa vifo hivyo kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, chama hicho hakikuona ushahidi wowote kwamba masomo yanawakinga. Shirika la Afya Duniani nalo linaposhauri watoto wafundishwe stadi za kuogelea na kujiokoa, linazungumzia wenye miaka 6 na kuendelea. Kwa walio wadogo zaidi linataka vizuizi vya kumtenga mtoto na maji, na mtu mzima wa kumwangalia. Na ni shirika hilohilo lililoripoti mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kwa mwaka duniani, karibu robo yao wakiwa hawajatimiza miaka 5.

Basi masomo ya nini? Ya mikono yako. Nataka ukitoka hapa uwe unajua kumshika mtoto chini ya makwapa, mabega yake yakiwa ndani ya maji apate joto, uso wako ukiwa usawa wa uso wake, bila kumbana mbavu. Nataka mtoto azoee kwamba haingii majini mpaka wewe uwe umeshaingia na umemnyooshea mikono. Ukifika ukingoni, weka viganja vyake kwenye ukingo, uvibonyeze kidogo, umwambie "shika", kila safari, mpaka mwenyewe auone ukingo na aufuate. Raha imo tele, na ukaribu ule wa ngozi kwa ngozi hauna mfano. Ningekuwa siupendi nisingefanya kazi hii. Lakini raha na usalama ni vitu viwili, na mzazi anayevichanganya hulegeza mkono mapema.

Tena lugha yetu imetuponza hapa. Tumelelewa na methali ya mfa maji haachi kutapatapa, kwa hiyo tunasubiri kuona kutapatapa. Mtoto mdogo hatapatapi kwa namna utakayoisikia. Hawezi kupiga kelele kwa sababu kinywa kimezama, na hawezi kukupungia kwa sababu hajui kwamba kuna haja. Unaweza kuwa umempa mgongo, ukadhani ukimya ule ni utulivu. Ninachowasihi wote, hata mnaoniona msumbufu: mtoto awe ndani ya urefu wa mkono wako, na mkiwa watu wazima wengi, atajwe mmoja kwa jina kwamba sasa zamu ni yake. Bila simu. Akitaka kuondoka amkabidhi mwenzake kwa kutamka. Nimeona watu wazima sita wamekaa kuzunguka bwawa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia, kila mmoja akiamini mwenzake anaangalia.

Na bwawa si lazima. Sentimita tano za maji zinatosha, kwa hiyo beseni na ndoo vimwagwe mara tu mkimaliza kumwogesha.

Kuhusu maboya ya mikononi: hicho ni kitu cha kuchezea. Huchomoka, huishiwa upepo, na humzoesha mtoto kusimama wima majini, mkao ambao ndio wa kuzama nao. Lile la shingoni silitaki kabisa kwenye maji yangu. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya maboya ya shingoni, hasa kwa watoto wenye mahitaji maalumu, baada ya mtoto mmoja kufa na mwingine kulazwa hospitalini.

Kuna na wanaoniambia, "Atapata nimonia." Nimonia huletwa na vimelea, wala hailetwi na kuloa. Baridi yenyewe hata hivyo ni jambo la kweli, kwa sababu mwili mdogo hupoteza joto upesi. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita nataka maji yafike nyuzi 32 za Selsiasi. Aliyezidi hapo, yasipungue 30. Siku za mwanzo dakika kumi au ishirini zinatosha, na hata akizoea msipitishe nusu saa. Usisubiri atetemeke, maana vichanga hutetemeka kidogo sana au hawatetemeki kabisa. Tazama midomo, tazama kama ngozi ya mapaja inaweka madoadoa ya zambarau, na uangalie kama ameacha kucheza. Ukiona kimojawapo, toka, mfunge taulo kuanzia kichwani. Wengine huniambia "tumalizie wimbo huu kwanza". Wimbo utakuwepo wiki ijayo.

Masikio. Maambukizi ya sikio la kati, yale yanayowasumbua zaidi watoto, huanzia nyuma ya ngoma ya sikio, mara nyingi baada ya mafua, kupitia mrija unaotoka nyuma ya pua. Maji ya bwawa hayavuki ngoma iliyo nzima. Fungu la nje la sikio linaweza kuwasha likibaki na unyevu, kwa hiyo kausha kwa ncha ya taulo, na vijiti vya pamba viacheni. Mwenye ngoma iliyotoboka au aliyewekewa vijibomba masikioni amwone daktari wake kwanza.

Chanjo si lazima zikamilike ndipo aingie bwawani. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza inasema hivyo waziwazi. Homa na kuhara ndivyo vya kuwabakiza nyumbani.

Na kuhara ndiko kunakonifikisha kwenye nepi ya kuogelea, ambayo wazazi huiamini kupita kiasi. Nepi ile huzuia choo kigumu, kwa muda. Mkojo haizuii, na choo cha maji haikizuii hata kidogo. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho huweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini ya kiwango sahihi, na mtoto mmoja anaweza kuliambukiza darasa zima. Aliyeugua kwa kimelea hicho akae wiki 2 baada ya kuhara kukoma. Nepi ikaguliwe kila nusu saa hadi saa, na ibadilishwe mbali na ukingo wa bwawa. Tafadhali.

Anayesema "hapa ni pasafi, nasikia harufu ya klorini" ameelewa kinyume. Harufu ile kali inayochoma macho hutokea klorini inapochanganyika na mkojo na jasho. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki hivyo. Ogeni kabla ya kuingia, ninyi wazazi mkitangulia.

Limebaki moja ambalo linaweza kugharimu uhai: kumshika miguu aliyezama na kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Kinachomuua ni kukosa hewa, na kila sekunde ya kumpindua ni sekunde ya kukosa hewa zaidi. Tena kitakachotoka aghalabu ni cha tumboni, ambacho kikirudi kooni kinaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali kwenye sehemu ngumu, kichwa kikae sawa bila kukikunja nyuma, funika kinywa na pua yake kwa kinywa chako, mpe pumzi 5 ndogo ukiangalia kifua kinyanyuke. Asipoamka wala kupumua, anza kukandamiza kifua kwa vidole gumba viwili katikati, viganja vikiwa vimezunguka kifua, huku mwingine akiita msaada. Mafunzo ya hayo huchukua saa chache tu, na ningependa kila mzazi ayapate kabla hajamnunulia mtoto miwani ya kuogelea.

Yule mama anarudi Jumamosi. Hatutamzamisha mtoto wala hatutaimba sana. Tutakaa kwenye kidato kilekile cha juu, na atajifunza kuchukua taulo bila kumwachia.