Si kila muwasho ukeni ni fangasi

"Daktari, fangasi zangu ni sugu." Anayeniambia hivi mara nyingi ameshameza flukonazo, ameshaingiza vidonge vya klotrimazo, na kwenye mkoba ana tyubu nyingine ya krimu kutoka duka la dawa. Nikimpima, fangasi sizioni. Ninachokiona ni ukavu.

Uke una ulinzi wake. Bakteria wazuri waitwao laktobasili hutengeneza asidi, pH ikabaki kati ya 3.8 na 4.5, na vijidudu vingi haviwezi kustawi humo. Bakteria hao wanakula sukari inayotoka kwenye ukuta wa uke, na ukuta huo unategemea homoni ya estrojeni. Homoni ikishuka, ukuta unakuwa mwembamba, ute unapungua, na asidi nayo inapungua. Hapo mwanamke anawashwa, anaungua akikojoa, anaumia wakati wa tendo la ndoa. Wengi ni waliokoma hedhi, lakini anayenyonyesha pia humpata, hata akiwa na miaka 25.

Sasa akiwashwa anafanya nini? Anaosha zaidi. Sabuni, maji ya limao, na shabu, ambayo ndiyo inayonikera kuliko zote, maana wanauziwa kwa ahadi ya kubana. Inakausha na kuchubua, na penye michubuko hata virusi vya UKIMWI hupata njia. Osha nje tu, kwa maji safi. Ndani hakuhitaji kuoshwa.

Fangasi wa kweli huja na muwasho mkali na uchafu mzito mweupe kama maziwa mgando, bila harufu mbaya. Uchafu ukiwa mwepesi wa kijivu, wenye shombo ya samaki hasa baada ya tendo, hao ni bakteria; dawa yake ni metronidazo, na dawa ya fangasi haitausaidia. Ukiwa wa kijani au njano na una povu, nafikiria trikomona, kimelea cha ugonjwa wa zinaa, na hapo mume naye atameza dawa, apende asipende. Fangasi wanaorudi kila mara, napima sukari na VVU.

Ukavu wenyewe una tiba. Anza na kilainishi cha maji wakati wa tendo. Mafuta ya nazi na Vaseline yanaharibu kondomu za mpira, kwa hiyo wanaotumia kondomu wayaache. Isipotosha, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni: kwa kawaida kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Muwasho unatulia ndani ya wiki kadhaa, si siku mbili. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aniambie kabla sijaandika dawa.

Na mama uliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, usisingizie ukavu wala usinunue krimu. Njoo upimwe mlango wa kizazi na mfuko wa uzazi kwanza.