UPS ya kompyuta nyumbani: ni nini, na inakupa dakika ngapi

UPS ni kisanduku chenye betri ndani, kinachokaa kati ya soketi ya ukutani na kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku wa manane, kinahamia kwenye betri upesi kiasi kwamba kompyuta inaendelea kuwaka. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya umeme usiokatika, na jina hilo limewaponza wanunuzi wengi, maana umeme wa UPS unakatika, tena mapema. UPS ya kawaida ya nyumbani hukupa muda wa kuhifadhi kazi, kufunga programu na kuzima mashine kwa utaratibu. Anayetaka kufanya kazi saa tatu nzima za giza anahitaji inveta na betri kubwa, na hiyo ni bidhaa nyingine yenye bei nyingine.

Isichanganywe pia na stabilaiza, ambayo hupandisha au kushusha volti lakini haina betri. Wala na kile kifaa cha kulinda friji: chenyewe hukata umeme volti zikienda vibaya, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Friji inanufaika. Kompyuta ya mezani inazimika ghafla, jambo lile lile tunalotaka kuliepuka, kwa sababu faili iliyokuwa ikiandikwa kwenye diski wakati huo inaweza kuharibika, na mfumo uliokuwa katikati ya kujisasisha unaweza kukataa kuwaka tena.

Madukani kuna aina tatu. Ya kwanza na ya bei ya chini hupitisha umeme wa ukutani kama ulivyo, na betri huingia tu umeme ukikatika. Ya pili ina transfoma ya kurekebisha volti, kwa hiyo volti zikishuka hadi 180 inazipandisha bila kugusa betri. Ya tatu hugeuza umeme muda wote, haina hata sekunde ya kuhama. Ni ghali, ina feni yenye kelele, na mahali pake ni hospitali na vyumba vya seva. Kwa nyumba zetu nunua ya pili. Mitaa mingi volti hucheza jioni, watu wakiwasha majiko na pasi kwa pamoja, na UPS ya aina ya kwanza hukimbilia betri kila volti zinaposhuka sana. Betri inachakaa kwa mizunguko ambayo hukuiona hata moja. Ule mlio wa “tak” unaousikia jioni kwenye aina ya pili ni rilei, swichi inayojigeuza yenyewe, ikibadilisha ngazi ya transfoma. Si ubovu.

Sasa ukubwa. Kwenye boksi imeandikwa 650VA kwa maandishi makubwa; VA ni volti mara ampea, na si sawa na wati. Geuza UPS usome kibandiko cha nyuma: utakuta wati, mara nyingi 360 au 390. Hesabu kwa wati. Kompyuta ya kazi za ofisi hula wati 60 hadi 90, monita ya inchi 22 kama 25, ruta 10. Jumla ni kama 110, na 650VA inatosha vizuri. Mashine yenye kadi kubwa ya picha inaweza kufika wati 400 mchezo ukikolea. Ukiitundika kwenye UPS hiyo, siku umeme ukikatika itazima papo hapo kwa kuzidiwa. Usipite theluthi mbili za wati zilizoandikwa.

Ndani ya 650VA mara nyingi mna betri moja ya volti 12, Ah 7 (saa-ampea, yaani kiasi cha chaji inachobeba). Zidisha upate saa-wati 84, halafu usizitegemee zote. Betri ya risasi, yaani ya madini ya risasi na tindikali kama hii, hutoa kiasi hicho ikimwagwa polepole kwa saa 20. Ukiikamua kwa dakika chache inatoa karibu nusu, na saketi ya kugeuza umeme nayo inachukua sehemu yake. Kwa mzigo wa wati 110, betri mpya itakupa dakika 15 hadi 20. Kwa wati 300 tarajia kama dakika 4 au 5. Ruta peke yake inaweza kwenda saa mbili hivi, ingawa UPS nyingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno. Mwenye kompyuta mpakato tayari ana betri yake. Anachohitaji ni kiUPS kidogo cha volti 12 cha kuwashia ruta.

Printa ya leza usiitundike kwenye soketi za UPS zinazotumia betri hata siku moja. Inapopasha moto karatasi huvuta mamia ya wati kwa mpigo. Pasi na birika vivyo hivyo.

Kuna swali ambalo wauzaji wengi hawaulizwi: umbo la wimbi la umeme. UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na pawa saplai nyingi (kile kisanduku ndani ya kompyuta kinachogawa umeme) hulistahimili. Baadhi ya pawa saplai za kisasa zenye saketi ya kusahihisha mvuto wa umeme hulikataa: UPS inahama, kisha inapiga kelele ya kuzidiwa, au kompyuta inajiwasha upya, ingawa wati hazijafika nusu. Hapo dawa ni UPS ya wimbi laini. Lakini kagua kwanza umri wa pawa saplai. UPS huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhama, na pawa saplai nzima huvuka kama milisekunde 16 kwa akiba ya kapasita zake, vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Kapasita zikikauka, akiba inapungua, na kompyuta ya zamani inazimika hata UPS ikiwa mpya kabisa.

Ukishanunua, iache ichaji saa 8 kabla ya kuitegemea. Kisha ijaribu. Fungua faili isiyo na thamani, zima swichi ya soketi ukutani, tazama saa. Zima swichi, usichomoe plagi, ili waya wa ethi ubaki umeunganishwa. UPS nyingi hulia mara moja kila sekunde kadhaa zikiwa kwenye betri, na mlio huenda mbio chaji inapokaribia kuisha. Rudia jaribio kila miezi mitatu na uandike dakika ulizopata. Dakika 18 zikiwa 7, betri imechoka. Ikiwa UPS ina waya wa USB, uunganishe: Windows huiona kama betri ya mpakato, na unaiamuru izime kompyuta yenyewe chaji ikibaki kidogo. Waya huo mara nyingi huachwa ndani ya boksi, nao ndio unaookoa kazi wakati hupo nyumbani.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi. Iliyokadiriwa miaka 3 hadi 5 ni kwa chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza umri karibu nusu. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kinapita 30 bila shida, kwa hiyo miaka miwili si ajabu. Isiwekwe dirishani penye jua wala kubanwa nyuma ya kabati. Tabia nyingine inayoua betri ni kuzima swichi ya ukutani kila usiku huku UPS yenyewe ikiwa imewashwa: inaingia kwenye betri na kujimaliza hadi mwisho. Zima kompyuta, UPS iachie umeme ichaji. Ikilala bila kutumika, ichaji kila baada ya miezi mitatu, maana betri ya risasi ikikaa tupu, salfeti hugandamana kwenye bamba zake na haishiki chaji tena.

Kubadilisha betri si kazi ngumu. Zima UPS, chomoa plagi ya ukutani na nyaya zote, fungua mfuniko. Chomoa waya mweusi kwanza, halafu mwekundu. Kurudisha, anza na mwekundu. Cheche ndogo wakati wa kuunganisha ni kawaida. Kugeuza rangi kunaunguza saketi. Linganisha vipimo, milimita 151 kwa 65 kwa 94, na upana wa vichwa: viko vya milimita 4.8 na vya 6.3. Dukani omba multimita: betri mpya isome zaidi ya volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, iache. Betri iliyovimba usiichokonoe. Ikiwa imenasa ndani, mpelekee fundi.

Wapo mafundi watakaokushauri kuunga betri ya gari nje ili upate saa nyingi. Kata ushauri huo. Chaja ya ndani hutoa ampea moja au pungufu, na betri ya Ah 70 ingehitaji siku kadhaa kujaa. Vipoza joto vya saketi vimepimwa kwa kazi ya dakika chache, vikiendeshwa saa nzima vinaungua. Tena betri ya gari ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka moto, na wewe umeiweka chini ya meza chumbani.

Betri kuukuu ina risasi na tindikali, hivyo isitupwe jalalani wala kuchomwa na takataka. Wauza betri wengi huipokea, na wengine hukupunguzia bei ya mpya.