Mbwa wa umri gani avishwe kola ya umeme?

Jibu fupi kwanza, maana najua wengi mmekuja kulitafuta: mbwa asivishwe kola ya umeme, yaani mkanda wa shingoni unaomshtua ukibonyeza rimoti, kabla ya kutimiza miezi sita, na mimi husubiri mpaka akaribie mwaka. Watengenezaji wengi nao huandika miezi sita kwenye vijitabu vya maelekezo. Ila umri ni sehemu nyepesi ya jibu. Mbwa wa miezi kumi asiyejua maana ya "njoo" hajawa tayari, na wa miaka mitatu asiyeijua hajawa tayari vilevile.

Ninafundisha mbwa hapa Arusha, wengi wakiwa wa ulinzi wa nyumba na wa mashambani, kuanzia Njiro hadi Usa River. Huku kinachomtia mbwa hatarini ni mbuzi na kuku wa jirani, pamoja na pikipiki zinazopita getini. Mbwa akizoea kukimbiza mbuzi, siku moja atapigwa au atatupiwa nyama yenye sumu. Naelewa kabisa kwa nini mtu anaagiza kola mapema kupitia ndugu aliye nje, na ikifika anataka kuifunga siku hiyohiyo.

Subiri, tuangalie kwanza kinachotokea shingoni. Kola ina kipokezi chenye vichuma viwili vinavyogusa ngozi. Ukibonyeza rimoti, umeme unapita kati ya vichuma hivyo. Kiwango kikiwa chini, ukikijaribu mkononi unausikia kama mtekenyo; kikiwa juu, mbwa analia. Lakini kiwango chochote utakachoweka, umeme haumwelezi mbwa afanye nini. Anasikia tu kwamba limetokea jambo asilolipenda, kisha anatafuta mwenyewe limetoka wapi. Anachokitazama wakati huo ndicho anachokihukumu.

Nililetewa jike mmoja, chotara wa German Shepherd, aliyevishwa kola akiwa na miezi minne kwa sababu alikuwa anawarukia watoto na kuwavuta nguo. Kila alipowarukia, rimoti ilibonyezwa. Kweli aliacha kuruka. Ila alichojifunza ni kwamba watoto wakisogea, shingo inauma. Alipofika kwangu, akisikia sauti ya mtoto tu alikuwa anakunja pua na kuonyesha meno. Tabia ya kitoto, ambayo ingetibika kwa mfupa wa kutafuna na uvumilivu, ilikuwa imegeuka hatari ya kweli nyumbani. Alirudi kuwa mpole, ila kwa kazi ndefu sana.

Wanasayansi John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya kazi na mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba takribani wiki ya 3 hadi ya 12 ndipo mtoto wa mbwa anapojenga picha yake ya dunia: nani ni rafiki, kipi cha kuogopwa. Woga unaoingia wakati huo ni mgumu kutoka. Kipindi hicho mpe watu, sauti, harufu, na mbuzi wa kuwatazama kwa mbali akiwa amefungwa kamba. Umeme usiwe na nafasi hapo.

Baadaye kuna ujana. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa wa miezi minane walikuwa wagumu kumtii mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi mitano. Wenye mbwa wengi hukata tamaa hapo na kuikimbilia rimoti, wakidhani mbwa amekuwa mjeuri. Mwili na ubongo wake ndivyo vinavyobadilika. Endelea na kamba, endelea na dagaa wa kumzawadia, umri huo utapita.

Kamba ninayoisema ni ya mita 10 hivi, nyepesi, inayoburuzwa chini. Chagua neno moja la kumwita, ulitamke mara moja, na akifika umpe kitu anachokipenda kweli: dagaa, kipande cha maini yaliyochemshwa. Anza uani. Akizoea, nenda getini, kisha barabarani, kisha mahali mbuzi wanapoonekana kwa mbali, ukisogea kidogo kidogo. Akija mara tisa kati ya kumi mahali penye vishawishi, kamba ikiwa mkononi, basi neno analijua. Mbwa wengi wakifika hapo hawahitaji kola tena, na hilo ndilo ninalolitamani kwa kila mbwa.

Na si maoni yangu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walifuatilia mbwa 63 wenye shida ya kutoitika au ya kukimbiza mifugo. Matokeo yao ya mwaka 2014 hayakuona faida ya uhakika ya kola kuliko mafunzo ya zawadi, na uchambuzi wao wa mwaka 2020 uliona waliofundishwa kwa zawadi wakiitikia vizuri zaidi. Wales ilipiga kola hizi marufuku mwaka 2010. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama.

Wanabaki wachache: mbwa mzima, mwenye afya, asiye mwoga, anayelijua neno, lakini akiona mbuzi wakikimbia masikio yanaziba. Huyo naweza kumvisha. Siku za mwanzo anaivaa ikiwa imezimwa, kabla ya chakula na matembezi, ili aizoee. Kisha, mahali patulivu, natafuta kiwango cha chini kabisa anachokisikia: sikio linatikisika, au anaacha kunusa. Akilia, nimezidisha. Namwita, nabonyeza, naachia mara tu anapogeuka kuja kwangu, na dagaa wake anapata palepale. Kola inavuliwa usiku, na shingo inakaguliwa kila siku, kwa sababu vichuma vikikaa sehemu moja muda mrefu vinatoboa vidonda. Mbwa mwoga au anayewatishia wageni simvishi hata mwenye naye akinisihi. Ukimuumiza mbwa wakati mgeni yuko mbele yake, unamfundisha kuuma.

Kuna jambo moja la majumbani kwetu ambalo vijitabu vya kola havilitaji. Mbwa huyo mmoja analishwa na mlinzi, anaitwa "njoo" na mama, "kam" na watoto, na kupigiwa mluzi na baba jioni. Kwa mbwa huyo neno bado halijakuwepo, hata awe na umri gani. Kaeni wote, mlinzi akiwemo, mchague neno moja. Na kama siku moja kola italazimika, rimoti ishikwe na mtu mmoja tu, yule anayemlisha na kutembea naye kila siku. Katika nyumba nyingi ninazofika, mtu huyo ni mlinzi, kwa hiyo mafunzo naanza naye.