Simuleta ya nyumbani na kazi ya uwanjani: yanayosemwa na yalivyo

Wapenzi wa simuleta za ndege, yaani programu za kompyuta zinazoiga urubani, na sisi tunaohudumia ndege uwanjani tuna kadharau fulani baina yetu. Huyu anamwona mwenzake mbeba mabegi, yule anamwona mwenzake mtu mzima anayecheza gemu. Mimi nina mguu kila upande: mchana fulana ya njano yenye mistari inayong'aa, usiku joistiki mezani. Ninavyoona, tatizo ni kwamba simuleta humkabidhi mtu ndege iliyokwisha kuandaliwa, naye akaamini safari huanza anapowasha injini. Dhana nyingi potofu zinazaliwa hapo, ingawa si zote.

"Ukiiweza simuleta, rubani akizimia unaishusha ndege ya abiria"

Tuanze na haki yao. Microsoft Flight Simulator ilipotoka mwaka 1982 ilikuwa na michoro sahili tu. Toleo la 2020 limeijaza dunia nzima kwa picha za setilaiti, na X-Plane, simuleta nyingine, inasifiwa kwa jinsi ndege zake zinavyotii hewa. Aliyekaa na programu hizi kwa dhati anasoma vipimo, anafuata chati ya kutua Entebbe au Mwanza, na anaijua lugha ya redio, hasa kama anaruka kwenye mtandao wa VATSIM, ambao tangu 2001 waongoza ndege wake ni wapenzi wenzake wanaojitolea.

Kinachokosekana ni mwili. Kiti cha nyumbani hakikusukumi mgongoni, wala tumbo halipandi ndege inapodondoka kidogo. Wakufunzi wa urubani wana malalamiko yaleyale kuhusu wanafunzi waliotokea kwenye simuleta: macho yameganda kwenye vipimo, nje hawatazami, na miguu imelala juu ya pedali.

Mei 2022 huko Florida, rubani alizidiwa angani na abiria wake ambaye hakuwa rubani akaishusha ndege salama, akielekezwa na muongoza ndege kwa redio. Kisa hiki hurudiwa sana vijiweni. Kinachosahaulika ni kwamba ile ilikuwa Cessna Caravan, ndege ya injini moja kama zile zinazokwenda Mafia na Zanzibar kila siku. Boeing ni habari nyingine.

"Saa za simuleta hazihesabiki popote"

Zipo zinazohesabika. Marekani, mamlaka ya anga inakubali hadi saa 20 za kifaa cha mafunzo cha ngazi ya juu kwa anayetafuta kibali cha kuruka kwa vipimo, bila kutegemea kutazama nje. Lakini kifaa hicho kimekaguliwa na kupewa idhini, na mkufunzi yupo pembeni. Kompyuta yako ya sebuleni ni sifuri, hata ungeifunga usukani wa bei ya gari. Zile simuleta kubwa za mashirika, za daraja D lililo la juu kabisa, ndizo kinyume chake: rubani mwenye uzoefu anaweza kumalizia humo mafunzo ya aina mpya ya ndege, na siku ya kwanza anapoirusha ndege yenyewe kukawa na abiria nyuma yake.

"Ndege ikitaka kuondoka, inarudi nyuma yenyewe"

Kwenye Flight Simulator unabonyeza Shift na P, ndege inarudi nyuma, basi. Uwanjani, hizo dakika chache ndizo zenye kazi.

Magurudumu ya ndege hayana injini inayoyazungusha, yanabiringika tu. Kwa hiyo linakuja trekta na mtarimbo unaoshikana na gurudumu la mbele. Kabla ya hapo kuna pini inayochomekwa kwenye mguu wa mbele ili usukani wa rubani usipigane na trekta. Pini hiyo ina utepe mwekundu mrefu. Mfanyakazi mwenye hedifoni anachomeka waya wake puani mwa ndege na kuzungumza na rubani. Rubani ndiye anayeomba ruhusa kwa muongoza ndege, si dereva wa trekta. Breki zinaachiwa, ndege inaanza kusogea. Mtarimbo nao una pini zake nyembamba, zilizotengenezwa makusudi zivunjike dereva akikata kona kali mno, maana pini ni rahisi kuliko mguu wa ndege.

Kazi ikiisha, mwenye hedifoni anachomoa ile pini ya kwanza, anakwenda kusimama pembeni mahali rubani anapomwona, na anainyanyua juu utepe ukipepea. Rubani anapunga mkono. Abiria wengi hudhani wanaagana. Kumbe anaonyeshwa ushahidi: pini iko mkononi mwangu, usukani ni wako. Isipochomolewa, rubani atazungusha usukani na gurudumu la mbele halitasikia.

Ni kweli zamani baadhi ya mashirika ya Marekani yalikuwa yakizirudisha nyuma jeti za MD-80 kwa nguvu ya injini zake. Mafuta yaliteketea, kelele ilikuwa balaa, na kokoto ziliruka.

"Propela ikisimama, injini imezimwa"

Nenda ukaitazame ATR, ndege ya abiria ya propela mbili, ikiwa imeegeshwa. Ndege hii haina ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa ndege ikiwa chini. Badala yake injini ya kulia inaachwa ikiunguruma huku propela yake imefungwa kwa breki. Mgeni anaona propela tuli na kusikia mngurumo, anachanganyikiwa. Abiria wenyewe wanapandia mlango wa nyuma kushoto, mbali na huko.

Kwenye ndege za jeti ni hatari zaidi, kwa sababu mvuto wa injini hauonekani kwa macho. Tarehe 31 Desemba 2022, mjini Montgomery, Alabama, mfanyakazi wa ardhini alivutwa na injini ya Embraer 175 iliyokuwa imeegeshwa, akafariki. Ile injini ndogo ya mkiani ilikuwa mbovu, kwa hiyo marubani walikuwa bado wanaziachia injini kubwa zifanye kazi. Ndiyo maana taa nyekundu ya mgongoni ikiwa inawaka, hatusogei, hata kama abiria wanatuchungulia dirishani wakishangaa tunasubiri nini.

"Mizigo inapangwa popote penye nafasi"

Kwenye simuleta unavuta kitufe cha uzito kulia na kushoto mpaka upendezwe. Uwanjani kuna hati inayosema begi ngapi mbele, ngapi nyuma, na rubani anapanga nguvu ya kurukia kwa hesabu hizo. ATR ikipakiwa vibaya inaweza kukalia mkia, ndiyo maana huwekewa nguzo chini ya mkia watu wanapopanda.

Hesabu yenyewe inaweza kuharibikia mbali na mikono ya wapakiaji. Julai 2020, Boeing 737 ya TUI iliondoka Birmingham kwenda Majorca ikiwa na kilo 1,244 zaidi ya zilizoandikwa. Programu mpya ya kuandikisha abiria ilikuwa imewachukulia wanawake waliojiita "Miss" kuwa watoto, kilo 35 kila mmoja badala ya 69. Walikuwa 38. Wachunguzi wa Uingereza walisema usalama haukuathirika, lakini mtu yeyote aliyewahi kusaini hati ya uzito anasoma ripoti ile taratibu.

Mafuta nayo ni hivyohivyo. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu lita zilibadilishwa kwa kipimo cha ratili huku wote wakidhani ni kilo. Rubani, aliyekuwa pia mrushaji wa ndege zisizo na injini, aliitelezesha hadi Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi uliogeuzwa wa mashindano ya magari.

"Mbwa akiwekwa chini anakosa hewa"

Hapana. Tumbo la ndege ya abiria lina mgandamizo wa hewa uleule wa juu. Suala ni joto: si kila sehemu ya shehena hupashwa, kwa hiyo rubani huambiwa kuna mnyama na yuko wapi.

"Wa uwanjani wanaruka bure"

Hili naulizwa hata harusini. Wengi wetu hatuajiriwi na shirika la ndege. Tuko chini ya kampuni za huduma za uwanjani zinazohudumia mashirika kadhaa kwa zamu. Fulana ina nembo ya kampuni, si ya ndege. Aliyeajiriwa na shirika lenyewe ana nafuu ya tiketi, lakini mara nyingi ni ya kusubiri: abiria wote wakishaingia, kiti kikibaki, ndipo jina lako linaitwa. Msimu wa Desemba usithubutu.