Pete, sala na mawazo ya kutaka kufa

Dhana: "Muozeni, atatulia."

Huzuni nzito haiondolewi kwa mahari. Mwaka 1897 mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliandika kwamba ndoa iliwakinga wanaume dhidi ya kujiua kuliko wanawake, na wake wasio na watoto haikuwakinga kabisa. Takwimu zake zimekosolewa sana, ila hilo halihitaji profesa. Hudhuria tu kikao cha usuluhishi. Mke anasema, "Nimechoka shangazi, natamani nilale nisiamke." Anajibiwa, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Dua inasomwa, chai inaletwa. Ile kauli hakuna aliyeirudia. Ndoa humkinga mwenye mwenzi wa kumfungulia moyo. Yenye kipigo huongeza hatari.

Dhana: "Mwenye imani hawezi kuwaza kujiua."

Nabii Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Jibu la kwanza halikuwa kemeo: aliachwa alale, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale tena. Katika Surat Maryam, Bibi Maryam, kabanwa na uchungu wa kuzaa kwenye shina la mtende, anasema laiti angekufa kabla ya hayo. Akaambiwa asihuzunike, chini yake kuna kijito, autikise mtende zimdondokee tende. Sisi tukisikia maneno kama hayo tunakimbilia mahubiri!

Ibada humpa mtu jamaa na sababu ya kuingoja kesho, hilo ni kweli. Lakini anayeambiwa ana pepo au imani haba hujifunza kuficha. Na dawa za hospitali hazigombani na maombi.

Dhana: "Aliyejiua dini imemtupa."

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2282–2283) inasema maradhi mazito ya akili hupunguza uzito wa kosa, na tusiukatie tamaa wokovu wake. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaliita dhambi kubwa, ila marehemu husaliwa.

Dhana: "Ukimuuliza utamtia wazo."

Hapana. Muulize wazi, mkiwa wawili: "Unafikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa 1199. Sheikh au mchungaji naye aitwe, mradi awe msikilizaji.