Mawe ya Nyongo: Maumivu Kutulia Si Kupona

Katika wodi ya upasuaji hapa Malindi, mgonjwa anayetutia wasiwasi zaidi si yule aliyepangiwa siku ya kutolewa mfuko wa nyongo akaja siku yake. Ni yule aliyepangiwa, akaona maumivu yametulia, akabaki nyumbani, kisha akaletwa usiku macho yamegeuka manjano na mwili unatetemeka kwa homa. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa kila mara na wagonjwa na jamaa zao.

Mfuko wa nyongo ni nini, na mawe hutoka wapi?

Ni kifuko kidogo kilicho chini ya ini, upande wa kulia wa tumbo. Ini hutengeneza nyongo, kifuko huihifadhi, na mtu akila mafuta kifuko hujikamua ili nyongo iteremke utumboni. Nyongo ikizidi kolesteroli, huganda polepole mpaka ikawa mawe. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, hasa waliozaa, waliopita miaka 40 na wenye uzito mkubwa. Wenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) wanaweza kupata hata utotoni, kwa hiyo mtoto wa selimundu anayelalamika tumbo la juu asichukuliwe kuwa anadeka.

Nitajuaje kuwa si vidonda vya tumbo?

Maumivu ya mawe hushika juu ya tumbo, katikati au chini ya mbavu za kulia, mara nyingi baada ya chakula cha mafuta. Hupanda hadi bega la kulia au mgongoni, hudumu nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huondoka. Tunawaona wengi baada ya harusi na Idi, pilau na sambusa zikiwa zimeliwa kwa siku mfululizo. Wengine wamekunywa dawa za vidonda kwa miezi, wakinunua dukani kila zinapokwisha, bila kupigwa skani hata mara moja. Skani ya tumbo haiumi, humalizika kwa dakika chache, na huonyesha mawe vizuri iwapo hujala kwa saa kadhaa. Iombeni.

Maumivu yameondoka kabisa. Kwa nini nipasuliwe?

Kwa sababu mawe hayajaondoka. Ulipoumwa, jiwe lilikuwa limeziba mlango wa kifuko. Ulipopata nafuu, lilirudi nyuma tu, na bado limo. Siku nyingine litakwama lisirudi, kifuko kivimbe na hata kuoza, au literemke kwenye mrija na kuzuia nyongo inayotoka kwenye ini, au liamshe uvimbe wa kongosho, ugonjwa unaoweza kuua. Kifuko kilichovimba huwa kigumu zaidi kukitoa, na upasuaji ambao ungefanywa kwa kamera na matundu madogo unaweza kugeuka kuwa mpasuo mkubwa. Yule ambaye mawe yameonekana kwenye skani kwa bahati, naye hajawahi kuumwa, kwa kawaida hapasuliwi. Wewe uliyekwisha kuumwa si mwenzake.

Nikidungwa sindano maumivu hutulia. Je, niendelee hivyo?

Hapana. Sindano hutuliza maumivu, haigusi jiwe. Maumivu kutulia si kupona.

Na mafuta ya zeituni kwa maji ya ndimu? Jirani alitoa mawe mengi ya kijani.

Yale madonge ya kijani hufanyika utumboni kutokana na mafuta yenyewe aliyokunywa, na ni kama sabuni. Mawe yake yamo palepale yalipokuwa, na skani itayaonyesha. Tunawaheshimu wazee wanaotoa ushauri huu kwa nia njema, lakini kunywa kikombe kizima cha mafuta huku kifuko kina mawe ni kukilazimisha kujikamua juu ya jiwe. Tafadhali, acheni.

Macho yamekuwa ya manjano. Tungoje wiki hii ipite?

Msingoje hata siku moja. Macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kilichopauka, homa yenye kutetemeka, au maumivu yasiyoachia kwa saa nyingi: lolote kati ya haya ni la kufika hospitali siku hiyo hiyo. Watu wa Pate, Faza na Kizingitini, kule visiwani Lamu, wanajua jinsi boti inavyotegemea maji kujaa. Basi anzeni kutafuta usafiri mnapoona manjano, si mgonjwa anaposhindwa kusimama. Na hata manjano yakififia njiani, endeleeni na safari, maana huko nako ni kutulia, si kupona.

Nijitayarishe vipi?

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za kuzuia damu kuganda, za sukari na za mitishamba, na usiache hata moja kwa uamuzi wako. Acha sigara mapema uwezavyo. Anayekula miraa aseme kweli bila haya, kwani hupandisha mapigo ya moyo na daktari wa nusukaputi lazima ajue. Kwa kawaida chakula husimamishwa angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Fuata saa ulizopewa na hospitali yako. Akina mama, msipake piko kwenye kucha wiki hizo: kile kibanio kidogo kinachopima oksijeni kidoleni husoma kwa kupenyeza mwanga, na weusi ule unaweza kukipotosha. Pete na vipini vibaki nyumbani. Hakikisha pia usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa kabla ya kulazwa.

Nitaishi bila mfuko wa nyongo?

Utaishi vizuri. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, nayo itateremka utumboni moja kwa moja.

Nile nini baada ya upasuaji?

Anza na maji na uji mwepesi, kisha wali laini, viazi vya kuchemsha, samaki kama changu aliyechemshwa au kuchomwa, kuku bila ngozi, papai na ndizi mbivu. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Kwa wiki za mwanzo weka kando mahamri, viazi karai, bajia, samli na tui zito. Mchuzi wa tui la pili, jepesi, unaweza kuujaribu baadaye kwa vijiko vichache. Baadhi hupata kuharisha baada ya mafuta, na kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe. Maharagwe na kunde rudisha taratibu, kwani huleta gesi. Kinachotusikitisha ni jamaa kumletea mgonjwa sahani ya biriani siku ya pili, kwa mapenzi kabisa, kisha mgonjwa akatapika usiku kucha juu ya mshono mbichi. Mapenzi hayo yaleteni kwa uji.

Naweza kufunga Ramadhani, na kurudi kazini lini?

Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Muulize daktari kabla ya kurejea saumu. Aliyefanyiwa kwa kamera mara nyingi hurudi kazi nyepesi baada ya wiki 1 hadi 2. Mwenye mpasuo mkubwa huhitaji wiki 6 hadi 8. Ndoo za maji na kuvuta nyavu zingoje. Maumivu ya bega siku za kwanza hutokana na gesi iliyotumika tumboni, nayo huisha. Lakini homa, usaha kwenye kidonda, tumbo kufura, kutapika kusikokoma au macho ya manjano ni vya kukurudisha hospitali mara moja, bila kungoja tarehe ya kliniki.